Jembe la Anselmi

Bujumbura, Jumapili, baada ya misa ya pili

Kaka Deo,

Shikamoo. Nimekaa kibarazani kwa Shangazi hapa Gihosha, mguu mmoja juani, mwingine kivulini, karatasi nimeiweka juu ya kitabu cha nyimbo. Sisi wa huku tu wazima. Juma lililopita tulisikia milio ya risasi kule juu milimani, siku mbili mfululizo, kisha kukanyamaza, na wauza maziwa wakashuka kama kawaida. Kwa hiyo Mama akikuuliza, mwambie tu wazima, na hutakuwa umedanganya. Na yeye je, goti lake? Usiniandikie tena kwamba hajambo kidogo. Niandikie kama anaweza kupiga magoti kanisani bila kushika benchi la mbele, hapo nitaelewa. Mkeo amejifungua salama? Na kifua chako, bado unakohoa vumbi la chaki?

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimecheka mahali palepale: pale unaposema kwamba watu wako wote wanakufa kila ifikapo Januari, na wewe hujui unakosea wapi. Nikujibu hilo kwanza, maana nakujua, hutasoma jambo jingine mpaka upate jibu.

Kaka, unapanda mwezi wa kumi. Mwalimu wa jiografia! Unawachorea wanafunzi dunia ubaoni pamoja na mistari yake yote, halafu unakaa mbele ya kompyuta ya shule, unafungua ule mchezo wa bonde, na kupanda kama Mama, mvua ya kwanza ikinusa tu. Bonde lile haliko Kasulu. Ukiona miti imekuwa myekundu, usifurahie uzuri wake. Jua kwamba mlango unafungwa. Panda mwezi wa nne, pale mto unapoanza kusogea tena. Vuna kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Mwezi wa kumi ni wa kuni tu, kuni, kuni, mpaka rundo lifunike dirisha la nyumba. Mbuzi waingie ndani walale na watu. Na usimtume mtu mmoja msituni wakati theluji imeshaanguka, kwa sababu mchezo hausemi amepotea. Unamwacha atembee, akizidi kuwa mdogo, mpaka unachoka kumtafuta kwa macho.

Usione haya. Na sisi tulianza hivyohivyo. Mimi na Spesi tulipanda maharage mwezi wa kumi, bonde zima, kwa furaha tele, sisi mabinti wawili tuliokulia kwenye mvua. Ndipo vikaanza kuanguka vitone vyeupe.

"Ni unga?" Spesi akaniuliza.

"Ni theluji."

Akaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Inakulika?"

Kabla sijamjibu, maharage yote yalikuwa yamelala.

Sijawahi kukueleza vizuri Spesi ni nani, na leo lazima nikueleze, kwa sababu barua hii, ingawa nimeianza na mchezo, ni yake. Tunafanya kazi pamoja katika ofisi ya kuchapa ya Mama Leokadia. Ni chumba kimoja chembamba mjini, kina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na nyuma ya pazia kompyuta ya tatu, kuukuu, yenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Watu wanaleta barua za kuomba kazi, hati za ndoa, matangazo ya vifo. Spesi anachapa Kirundi na Kifaransa, mimi nachapa Kifaransa, na Kiingereza cha mashirika kikija kinakuwa changu peke yangu. Kwa hiyo hata mchezo, uliojaa Kiingereza, namsomea mimi. Ana miaka ishirini na sita, amenizidi miwili. Anatoka Ruziba, kusini mwa mji, kando ya ziwa, kwa wavuvi na wakulima. Anacheka kwa sauti ya chini, kama mtu anayefungua chupa polepole.

Unajua hapa mji wote unafunga saa sita mchana mpaka saa nane. Mama Leokadia anakwenda kwake kula. Sisi tunakaa mbali, na gari ni tabu, basi tunabaki. Tunateremsha lango la chuma mpaka nusu, mwanga unaingia chini kwa chini kama maji, na tunaona miguu tu ya wapita njia: viatu vya askari, kandambili, kwato za mbuzi. Joto linatulia. Ndipo tunafungua bonde letu. Kompyuta zetu hazina spika, kwa hiyo kila kitu kule kinatendeka kimya: shoka linapanda na kushuka bila sauti, moshi unatoka, watu wadogo kama punje za mchele wanavuka daraja. Mara nyingine nafumba macho nikiwa nimekaa palepale na bonde linaendelea ndani ya kope. Nikipanda mlima kurudi Gihosha jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje, nageuka kutazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, na mvua ikiifuta milima hiyo mmoja mmoja, huwa nasahau kidogo niko bonde lipi.

Tulikuwa tumeligawa. Kushoto kwa mto ni kwa Spesi, nyumba moja yenye watu watano. Kulia ni kwangu, watano vilevile. Mwezi wa mchezo ni mmoja kwa pande zote mbili. Tukishacheza tunahifadhi kwenye disketi, na disketi inalala kwenye droo, ndani ya bahasha ya tangazo la kifo lililokosewa jina. Baada ya lile janga la maharage tulikwenda vizuri. Tulivuka baridi moja, tukavuka ya pili, bila kufiwa na mtu hata mmoja. Spesi alipiga makofi.

Halafu, mwisho wa Septemba, baba yake akafariki. Hakuuawa, Kaka; watu wa huku wakisikia kifo siku hizi wanauliza kwanza hilo, na nadhani na wewe umeuliza. Aliugua tumbo, akafa kitandani mwake Ruziba, na Spesi akaniambia neno nililoliona geni wakati ule: "Afazali amekufa yeye mwenyewe."

Alikaa kwao siku nane. Alirudi amenyoa nywele zote, kichwa kimekuwa kidogo, macho yamekuwa makubwa. Sikujua nimfariji vipi. Unanijua, nina maneno mengi ndani, na machache sana mdomoni. Kwa hiyo saa sita ilipofika nilifanya lile nililokuwa nalo: nikateremsha lango, nikaweka disketi, nikamvutia kiti. Tulikuwa tumeachia mwezi wa tatu, mwishoni. Theluji ilikuwa inayeyuka. Nikausogeza mwezi, mto ukaanza kusogea, na ardhi ya pande zote mbili ikatoka chini ya weupe, ya manjano, ikingoja.

Nikalima upande wangu. Unajua jinsi inavyogeuka rangi, kutoka manjano kuwa kahawia nzito, kipande baada ya kipande. Kisha nikamsogezea kibodi.

Hakuigusa. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Mi siwezi shika jembe, Editha."

"Hili si jembe. Ni kitufe."

"Kitufe ya nini?"

"Cha kulimia."

"Ni vile nasema."

Nikacheka. Ndiyo sehemu ninayotamani kuifuta. Nilicheka si kwa dharau, ni kwa kushangaa, lakini aliyefiwa hawezi kupima tofauti hiyo. Spesi akasema kwao hawajaganduka. Ni neno la Kirundi. Wewe unayejua Kiha utalikaribia. Mtu akifa, nyumba yake inasimama: hakuna kulima, hakuna kupanda, jembe linapandishwa juu ya dari mpaka familia ikutane, iondoe msiba kwa utaratibu wake, na jembe lipige ardhi tena.

"Basi mtaondoa lini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Juma lijalo?"

"Nimesema sijui, dada. Cheza upande yako. Yangu uiache vile iko."

Siku ile Mama Leokadia alirudi mapema akatukuta tumekaa kimya mbele ya skrini. Yeye ni mjane, mnene, mchangamfu, anavaa miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Nilimweleza, nikidhani atakuwa upande wangu, kwa kuwa yeye ni mtu wa mjini.

"Sisi wa huku mujini tulishaacha mambo mengi," akasema. "Mume wangu alizikwa siku ya ine, siku ya tano nilikuwa hapa nafanya fotokopi. Lakini weye si mutu wa kwao. Muache mutoto wa batu."

Nilipaswa kumwacha. Lakini, Kaka, mimi nikishika jambo siwezi kuliachia. Mama alikuwa akisema hata nikiwa mtoto nilikuwa nikilala nimekunja ngumi. Nilisogeza mwezi wa nne kidogo, nikalitazama bonde. Upande wangu ngano ilikuwa imeota. Ng'ambo ya mto ardhi ya Spesi ilikaa manjano, na watu wake watano walikuwa wamesimama mlangoni. Wasipopewa kazi husimama hivyo, wakiangalia mbele, wakingoja. Nikahesabu: mwezi wa tano ukipita bila kupanda, watu hao hawataiona Februari. Nilianza kuwaota. Niliota nimesimama ng'ambo ya mto nikiwaita, na sauti yangu haina sauti, kama kila kitu kule.

Kwa hiyo Spesi alipoomba ruhusa ya kwenda Ruziba kumwona mama yake, nililima kwake. Ilichukua mchana mmoja. Nililima vipande vyote kumi na viwili, nikapanda viazi na ngano, nikawapanga watu wake, hata nikamwekea maua mlangoni, ambayo hayana faida yoyote katika mchezo. Nikahifadhi. Nilidhani nimemfanyia wema. Nilikuwa na furaha kama mtu anayeficha zawadi.

Jumatatu nikamfungulia. Akavuta kiti karibu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kipande cha kwanza kabisa kando ya mto.

"Ulianza hapa?"

"Ndiyo."

"Weye ndiye ulipiga ya kwanza."

"Spesi, ni mchezo."

"Apana," akasema polepole. "Umemuzika kaka yangu."

Akachukua mkoba wake akaenda kukaa nje, juani, mpaka saa nane. Siku hiyo na siku iliyofuata alizungumza na wateja tu. Akitaka karatasi iliyoko upande wangu, alizunguka meza kuichukua mwenyewe.

Siku ya tatu nilitoka nikakaa naye pale nje, nikamwomba anieleze, na sikufungua mdomo mpaka akamaliza. Nakuandikia kama nilivyoelewa. Kwa desturi ya nyumba yao, jembe la kwanza baada ya msiba wa baba linapigwa na mtoto wa kiume mkubwa. Huyo ni kaka yao, Anselmi. Anselmi alikimbia mwaka ule vita viliposhuka mpaka upande wao. Alivuka kwenda Tanzania, na miaka miwili iliyopita mtu mmoja alileta habari kwamba alimwona kambini, kule kwetu Kasulu, akitengeneza viti. Tangu hapo, kimya. Majirani wa Ruziba ni watu wema. Wamekuja mara tatu kumwambia mama yake Spesi, tukulimie, mvua inakwenda, utakula nini? Wajomba wamesema wako tayari kupiga jembe badala yake. Mama amekataa wote. Jembe la kwanza mtu mwingine halipigi ila kama mkubwa amekufa. Akimruhusu mwingine, amesema kwa mkono wake kwamba Anselmi hayupo duniani. Na yeye hatasema hivyo bila kujua.

"Mama anasema, mi nikazika mume. Mutoto sitamuzika kwa sababu ya maharage," Spesi akamalizia.

Kaka, niliona aibu kuanzia nywele mpaka nyayo. Wote tuliomzunguka mama huyo tulikuwa na akili ya haraka: tuliona njaa inakuja, tukashika jembe. Hatukuona kwamba yeye pia ameiona njaa, na amechagua.

Nikataka kurudisha. Sasa hapa nikupe somo la pili la mchezo, nawe ulishike kuliko lile la theluji: usihifadhi kamwe juu ya ulichohifadhi. Kila masika ikianza, hifadhi kwa jina jipya, kwenye disketi nyingine, hata kama unaona ni kupoteza disketi. Mimi nilikuwa na nakala ya mwezi wa tatu. Lakini nilipoiweka, kompyuta ikakoroma, ikakwaruza, ikaniambia haisomeki. Nikasukuma kile kibati chake mara kadhaa, nikapuliza vumbi, nikaipeleka kwenye mashine ya pili. Haisomeki. Nikaiacha juani kidogo nikidhani ni unyevu, ikazidi. Mchana mzima ukaisha hivyo. Spesi alikuwa ananitazama kwa pembeni.

Siku iliyofuata nikakumbuka kwamba nakala ile niliiandika wakati mashine zote mbili za mbele zilikuwa na kazi ya wateja, kwa hiyo niliiandikia nyuma ya pazia, kwenye ile kuukuu. Ukae nalo hili, litakusaidia shuleni: kisomeo cha disketi kilichopinda huandika kwa upande, na upande ule hausomwi na kingine ila chenyewe. Disketi ikikataliwa na mashine zilizo nzima, irudishe kwa ile mbovu iliyoizaa. Nikavuta pazia, nikawasha. Ikachukua muda kama wa kusali Baba Yetu mara nne. Kisha bonde likaja.

Sikuita mtu. Spesi mwenyewe alikuja akasimama nyuma yangu. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, theluji imebaki chini ya miti tu, ardhi ya pande zote mbili manjano, haijaguswa, watu wake watano mlangoni. Kule kulima kwangu kote kulikuwa hakujatokea. Sijui kama umewahi kuona kosa lako likiondolewa namna hiyo, mbele ya macho yako, mpaka udongo. Nilikaa nikiangalia, na kwa mara ya kwanza watu wale waliosimama hawakunitisha. Hawakuonekana tena kama watu waliosahauliwa. Walikuwa wanamngojea mtu.

"Iache hapo," Spesi akasema. Akaweka mkono begani kwangu.

Tumeiacha. Hatujaifungua tena.

Alhamisi iliyopita ilikuwa sikukuu, njia ya kusini ikawa wazi, nikaenda naye Ruziba. Nilitaka kumwomba mama yake msamaha, ingawa sikujua nitamwombaje msamaha mtu kwa shamba lililo ndani ya kompyuta. Kaka, laiti ungeona. Kila upande maharage ya majirani yamefika kifundoni, mistari imenyooka, mvua imeyaosha. Katikati yao shamba la mama huyo limekaa na magugu yake kama kitanda kisichotandikwa. Ndani ya nyumba, juu ya dari, mpini wa jembe umechungulia. Yeye ni mwembamba, mrefu, anaongea kidogo. Nilimsalimu kwa Kiha changu, akashtuka, akatabasamu nusu.

"Huyu ndiye wa kulima," Spesi akamwambia.

Alikuwa ameshamsimulia! Nikatamani ardhi inimeze. Mama akanitazama mikono, akaigeuza viganja juu.

"Na mikono laini hivi?" akasema. Spesi akacheka, ile sauti yake ya chupa, na mimi nikacheka, na tukakaa.

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kasulu. Niliona neno hilo linashuka ndani yake polepole, kama jiwe linavyoshuka ziwani ukilitazama.

"Kasulu ile ya kambi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuna mtu wako huko?"

Nikamwambia nina kaka, mwalimu. Nikamwambia mwalimu anajulikana, akienda kambini na kuuliza, watu watamjibu. Nilisema hivyo bila kukuomba ruhusa, na sijutii. Mama huyo hakulia wala hakunishika mkono. Alifikiri. Mvua ikanyesha, ikaacha, naye bado anafikiri. Kisha akasema maneno ambayo Spesi aliyarudia mara mbili ili nisikosee hata moja: kama Anselmi yuko hai, asije, njia bado si njema, na zile karatasi za amani walizotia sahihi kule Arusha hazijafika Ruziba. Apige jembe palepale alipo, ardhi ni ardhi. Lakini apige mbele ya shahidi, na shahidi alete neno. Neno hilo likifika, yeye atateremsha jembe siku hiyohiyo.

Nimemuuliza ana muda gani. Amesema maharage yanaweza kumngojea mpaka mwisho wa mwezi huu, labda siku chache za Desemba. Baada ya hapo ni kupanda kwa kubahatisha.

Basi, Kaka Deo, hicho ndicho ninachokuomba, na ninakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Ukishapata barua hii usingoje Jumamosi. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule. Nenda kambini ukamtafute Anselmi, fundi seremala wa Ruziba, mrefu kama mama yake, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika kwenye kiungo cha juu. Anselmi ni wengi, kwa hiyo Spesi amekupa swali: muulize nani alimvunja jino la mbele. Akisema alianguka, siye. Aliye ndiye atasema ni Spesi, kwa kiwiko, wakigombea kiazi, na kwamba walimdanganya baba yao kuwa alianguka.

Akijibu hivyo, mpe habari ya baba yake taratibu, mkiwa mmekaa. Yawezekana hajui. Mwache alie kadiri atakavyo. Kisha mpe jembe, lile la Mama yetu lenye mpini mfupi, libebe kwenye baiskeli, ili asianze kuazima. Apige mara moja, ardhi yoyote, hata nyuma ya hema. Wewe simama, angalia, kisha uandike: siku gani, saa ngapi, udongo ulikuwa wa rangi gani, na alisema nini. Usimrekebishie maneno. Najua ualimu wako, usirekebishe. Barua umpe huyuhuyu aliyekuletea hii, dada wa Kikongo anayeuza vitenge. Atakuwa Kigoma siku tano, ndipo apande mashua ya kurudi.

Na kama Anselmi hayupo, kama utakuta kaburi au mtu aliyeliona kaburi, nalo uniandikie. Usinifiche kwa kunihurumia, wala usitafute maneno mazuri. Mama huyo ameniambia mwenyewe nilipokuwa naaga, amesimama kwenye ukingo wa shamba lake, kanga imelowa: "Lolote utakaloletewa, ulete. Nikijua, nitalima." Anachoshindwa ni kulima bila kujua. Nimemwahidi neno la kweli kutoka kwetu, Kaka, na neno hilo sasa liko miguuni mwako.

Nisalimie Mama. Nisalimie shemeji na huyo aliyezaliwa, kama amezaliwa, na umwambie jina nitakuja kumpa mimi nusu yake. Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, naye akague breki zako kabla hujashika njia ya kambini, ule mteremko naujua. Bibi muuza mawese mpe mikono yangu yote miwili. Shangazi anawasalimu nyote. Amesimama nyuma yangu anasema kalamu yangu haijui kuchoka. Spesi hakutuma salamu. Amenipa tu jina kamili la kaka yake, ameliandika kwa mkono wake kwenye kipande cha karatasi kilichomo humu. Mwonyeshe Anselmi. Anaujua mwandiko wa dada yake.

Mimi ni mdogo wako anayekutegemea,

Editha